Paa Huyu, Paa Hili

"Shikamoo mwalimu. Mashine inasema mama anadaiwa."

Ndivyo alivyoanza kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mwaka 2004, akiwa amesimama mlangoni mwa maabara ya kompyuta ya chuo nilichokuwa nikifundisha, Morogoro. Mama yake alikuwa akiuza mchele sokoni. Kijana alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kujifunza lugha ya C, na tayari alikuwa amemwandikia mama yake programu ya kujumlisha mauzo ya siku. Nilimfuata hadi kwenye mashine yake. Ilikuwa ile skrini ya bluu ya Turbo C, ambayo kila aliyejifunza C enzi hizo anaikumbuka. Akaingiza mauzo ya asubuhi, 25000. Akaingiza ya jioni, 15000. Akabonyeza. Jumla ikatoka: -25536.

Sababu niliijua, kwa kuwa niliiandika ubaoni mimi mwenyewe: int, baiti 2, kuanzia -32768 hadi 32767. Naye alikuwa nayo daftarini, kwa wino mwekundu, amepiga mstari chini. Nikamwonyesha. Akalisoma jedwali lake taratibu kama anayelisoma kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe ndiyo maana yake hii?"

Neno lile lilinikaa moyoni. Vigeu na aina za data nilikuwa nikivifundisha kwa kusomea darasa jedwali: char baiti 1, int baiti 2, float baiti 4, double baiti 8. Wananakili, wanakariri, wanafaulu mtihani. Hakuna aliyetambua kwamba ile 32767 ilikuwa na habari za mama yake. Tena kwa shilingi yetu mpaka ule ulikuwa karibu mno. Kitabu nilichofundishia kilihesabu dola, mshahara wa 1,200, bei ya bidhaa 15, na mwanafunzi wa dola angeweza kumaliza kozi nzima asiuguse ukuta. Sisi tuliugonga kwa mauzo ya mchele ya siku moja.

Nilimwambia abadili int iwe long, na %d iwe %ld. Mama akaacha kudaiwa siku ile ile.

Mwaka 2006 ukame uliteremsha maji ya Mtera na mabwawa mengine, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Siku nyingi tuliingia maabara tukakuta mashine zimelala. Ndipo nilipokwenda sokoni nikanunua vipimo vitatu vya wauza nafaka, kibaba, sado na debe, na mchele kidogo. Kibaba nikakiita char, sado int, debe long. Kigeu, niliwaambia, ni chombo chenye jina, na aina ya data ni ukubwa wa chombo. Thamani ndiyo mchele. Hata waliokuwa wakisinzia kwenye jedwali waliamka.

Kuna jambo moja ambalo debe lilifundisha vizuri kuliko njia yoyote niliyowahi kutumia. Anayeanza hudhani kwamba kigeu alichokitangaza bila kukipa thamani kina sifuri. Lakini debe la sokoni halikuji tupu kabisa. Jana lilibeba mahindi, juzi dagaa, na ukiinamisha pua utajua. Kigeu kilichotangazwa ndani ya funksheni nacho hupewa mahali kwenye kumbukumbu ya mashine palipokwisha kutumiwa na kazi nyingine, na hakuna aliyepasafisha. Ukikisoma kabla ya kukijaza, unachopata ni mabaki ya watu wengine: leo 0, kesho 4196, keshokutwa namba hasi. Nililipitisha debe darasani kila mmoja akanusa. Baada ya pale sikuhitaji tena kuwakumbusha kuandika int jumla = 0; badala ya int jumla; pekee.

Nilidhani nimefika. Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele akanisimamisha. Nilikuwa nikimimina mchele wa sado kwenye kibaba ili waone thamani isiyoenea. Kibaba kikajaa, mchele ukatapakaa mezani. "Mwalimu," akasema, "mchele uliomwagika, kwenye kompyuta unaenda wapi? Na kwa nini jumla ya yule kaka ilitoka hasi? Kibaba kikijaa hakigeuki deni."

Habari za mama muuza mchele zilikuwa zimeshaenea chuoni. Swali lilikuwa la haki, na vyombo vyangu havikuwa na jibu lake. Nilichukua chaki nikaandika elfu arobaini kwa biti 16:

1001110001000000

Nikaeleza kwamba namba isiyo na hasi, ile C inayoiita unsigned, huzihesabu biti zote 16 kuwa kiasi, na biti hizi zinasomeka 40000. Lakini int yenye alama huisoma biti ya kwanza kushoto kuwa ni kutoa 32768, si kuongeza 32768. Kwa usomaji huo mfuatano ule ule, bila biti hata moja kubadilika, unasomeka -25536. Umeme uliporudi jioni tukawasha mashine moja, tukachapisha jumla ile ile mara mbili, kwa %u kisha kwa %d. Zikatoka 40000 na -25536, mstari mmoja chini ya mwingine. Yule msichana akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakuna kilichomwagika."

Hakuna kilichomwagika. Nilikaa na maneno hayo miaka mitano kabla ya kujua la kuyafanyia.

Katikati ya miaka hiyo maabara ilipata mashine mpya na kompaila mpya, ile ya GCC, na int ikawa baiti 4. Elfu arobaini ikapita bila shida, mpaka ukahamia 2147483647. Jedwali langu la miaka yote likawa si la kweli tena. Kwa hakika halikuwahi kuwa la kweli kwa namna nilivyolifundisha, maana kanuni ya C haijawahi kuahidi kwamba int ni baiti 2. Huahidi tu kwamba haitapungua biti 16, mengine huiachia mashine na kompaila. Nikalifuta. Tangu hapo mwanafunzi wangu anaandika sizeof(int) na kuiuliza mashine iliyo mbele yake.

Oktoba 2011 Dennis Ritchie alifariki. Nilitaka kuwaambia wanafunzi jambo la maana juu ya mtu aliyewatengenezea lugha hii, nikatafuta makala aliyoiandika mwenyewe kuhusu jinsi C ilivyokua. Nililolikuta lilibadilisha ufundishaji wangu kuliko jambo jingine lolote. Kabla ya C kulikuwa na B, lugha ya Ken Thompson, iliyotokana na BCPL ya Martin Richards. Lugha hizo mbili hazikuwa na aina za data. Kila kigeu kilikuwa neno moja la mashine, rundo la biti za ukubwa mmoja, na ni alama uliyoitumia iliyoamua kama rundo lile ni namba au ni anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Kwenye mashine za mwanzo mambo yalikwenda. Bell Labs, maabara walikofanya kazi Thompson na Ritchie, walipopata kompyuta ya PDP-11, inayoweza kufikia baiti moja moja, namna ile ikaanza kuwabana: herufi inakaa kwenye baiti moja, namba kamili kwenye baiti mbili, na namba za desimali zilikuwa njiani zikitaka nafasi kubwa zaidi. Ritchie akaanza na aina mbili, int na char, na kutoka hapo, miaka ya mwanzo ya 1970, ikakua C tunayoijua.

Niliisoma sehemu ile mara tatu. Aina za data hazikuzaliwa zikiwa vyombo. Zilizaliwa zikiwa maelekezo ya kusoma. Biti zilikuwapo tayari, kilichokosekana ni kumwambia msomaji azisomeje.

Wiki iliyofuata niliingia darasani bila debe. Nikaandika ubaoni neno moja, PAA, nikauliza maana yake. "Mnyama, kama swala." "La nyumba." "Kuruka juu, ndege inapaa." Kijana wa Tanga akasema kwao samaki hupaliwa magamba, na kazi hiyo ndiyo kupaa. Nikauliza, "Nani amekosea?" Wakatazamana. Hakuna aliyekosea. Nikaongeza maneno mawili tu ubaoni:

Paa huyu.
Paa hili.

Sikuhitaji kueleza zaidi. Herufi ni tatu zile zile, lakini wa kwanza ana miguu minne na la pili lina mabati. Chini yake nikaandika 01000001, nikawauliza maana yake, na safari hii nikasikia swali nililolisubiri miaka saba: "Mwalimu, huyu au hili?" Tukaandika:

char c = 65;
printf("%d %c\n", c, c);

Mashine ikajibu: 65 A.

Ngeli ziliendelea kunisaidia mbali kuliko nilivyotarajia. Mzungumzaji wa Kiswahili haamui ngeli neno kwa neno. Akishasema paa hili, sentensi nzima inafuata: limevuja, likatengenezwa, likavuja tena. Kwenye C, alama ya kugawanya nayo ni kitenzi, hupokea upatanisho kutoka kwa majina yaliyo ubavuni mwake. 7 / 2 ni 3, kwa sababu zote mbili ni int na jibu linabaki int. 7.0 / 2 ni 3.5, kwa sababu jina moja limeshakuwa double na la pili linavutwa lifanane nalo. Hapo awali wanafunzi waliichukulia 3 ile kama hitilafu ya mashine. Waliokuja baada ya paa waliiona ni upatanisho wa kisarufi, na ndiyo hasa.

Ila nawaonya mahali mfano unapoishia. Ukikosea ngeli mbele ya bibi yako atakusahihisha na bado atakuelewa. C haikuelewi kwa huruma. Ukiiambia printf isome float kwa %d, kompaila nzuri itakuonya, lakini usipojali printf itachapisha lolote litakaloangukia pale.

Kisha zikaja simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na miaka michache baadaye kila aliyejiunga na darasa alitaka kuandika programu ya kutuma pesa. Wote walianza na mstari mmoja: int simu;. Wakiingiza namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Wakiiandika ndani ya msimbo na sifuri yake, C inaihesabu kwa msingi wa nane, ambapo 010 ni 8. Wakitanguliza 255, tarakimu 12 hazienei kwenye biti 32. Siku hizi simpi mwanafunzi jibu. Namuuliza, "Utawahi kujumlisha namba mbili za simu?" Anafikiri, anatikisa kichwa, anafuta int na kuandika char simu[13];, mahali pa tarakimu 12 na alama ya mwisho. Kinachoitwa namba na watu si lazima kiwe namba kwenye C. Huamuliwa na utakachokifanyia.

Fedha zina somo lake. Mwanafunzi huchagua float kwa sababu shilingi ina senti. Float ya biti 32 huzihifadhi namba kamili zote kwa usahihi hadi 16777216 tu. Ukiweka 20000001 inarudi 20000000. Kwenye nchi ya dola mtu ataishi miaka asikutane na hilo. Kwetu hiyo ni bei ya kiwanja, na shilingi inayopotea ni ya mwanachama fulani wa SACCOS aliyeitafuta kwa jasho. Hapa mimi huwa mkali kweli: fedha hukaa kwenye namba kamili, kwa senti, long long, na desimali huwekwa wakati wa kuchapisha.

Wanaokuja sasa wamepitia Python kwanza. Wameshaandika jumla = 0 maelfu ya mara bila kutangaza aina yoyote, na hawaniulizi int ni nini. Wananiuliza kwa nini watangaze, ikiwa lugha nyingine inajua yenyewe. Nalipenda swali hili kuliko yote niliyoulizwa ubaoni, kwa sababu mwanafunzi wa 2004 hakuwa na pa kusimama ili alifikirie. Python nayo haisomi biti bila kuambiwa. Hubeba alama ya aina pamoja na kila thamani, na huilipia kwa kumbukumbu na muda. C huamua mapema, kisha haibebi chochote.

Muhula uliopita vijana wawili walikaa benchi moja, mmoja kwenye kompyuta ya maabara yenye Windows, mwingine akitumia kompaila iliyo ndani ya simu yake. Niliwataka wachapishe sizeof(long). Ya kwanza ikasema 4. Simu ikasema 8. Wakarudia. Wakabadilishana vifaa. Hatimaye mwenye simu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani amekosea?"

Nikampa chaki, nikamwambia aandike majibu yote mawili ubaoni, na pembeni ya kila moja aandike lilisomwa na mashine gani.