Kilomita 21 za Karura

Kijana aliyekuwa ametoka kumaliza nusu marathoni katika Msitu wa Karura, Nairobi, matope yamemfika magotini, alimgeukia mkimbiaji mwenye mvi aliyekuwa akinyoosha misuli kando yake. "Mzee," aliuliza, "hii njia ya mbio ilitengenezwa lini?" Alidhani msitu ulikuja pamoja na ua wa umeme, lango la malipo na vibao vya namba kwenye njia panda. Swali hilo lilimkera mzee, kisha likamkumbusha mengi.

Alianza kukimbia Karura mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake wakiingilia upande wa Kiambu Road. Walikwenda kwa kundi, maana mtu wa peke yake angevuliwa raba na kurudi nyumbani pekupeku. Umbali walikisia kwa saa ya mkononi. Mito ya Karura, Ruaka na Gitathuru imechimba mabonde kila upande, kwa hiyo tambarare ndefu haikuwapo: ukimaliza kupanda, unateremka, na mteremko ndio uliovunja mapaja. Wazee wa kundi walifundisha hatua fupi mlimani, mikono chini, macho mbele kidogo kuliko vidole ili mguu usinaswe na mzizi.

Mtu aliyewawezesha kukimbia humo alikuwa fundi viatu mwenye kibanda karibu na kijiji cha Huruma. Raba walizinunua mtumba Gikomba, nyingi zikiwa za lami, soli zimelika hadi kuwa laini. Udongo mwekundu wa Karura ukilowa hunata, na soli ya namna hiyo huteleza vibaya. Fundi alikata vipande vya tairi kuukuu, akavipaka gundi, akavianika juani hadi vikauke kidogo, ndipo akavibandika na kuvigonga kwa nyundo, kimoja kimoja, akiacha nafasi kati yao ili matope yadondoke. Kisigino alikishona kwa uzi wa nailoni, kwa kuwa ndicho kinachobeba mwili kwenye mteremko. Hakuwahi kukimbia, lakini alimwomba kila mteja atembee mbele ya kibanda, akamtazama anavyokanyaga kabla ya kushika kisu. Mpaka leo, harufu ya gundi ikichanganyika na ya mikaratusi iliyonyeshewa humrudisha mzee pale kibandani.

Kisha viwanja vya msitu vikaanza kugawiwa wajenzi binafsi, na mabati yao yakaziba njia walizozizoea. Mzee alihakiki tarehe: mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 8, 1999, walipokwenda kupanda mti humo kupinga ugawaji huo. Lakini anachokikumbuka zaidi ni ukimya wa kundi lao Jumapili iliyofuata, walipokimbia kandokando ya barabara, msitu wakiuona kwa mbali.

Miaka iliyofuata ilipita upesi. Chama cha marafiki wa Karura kiliundwa mwaka 2009, ua ukajengwa, vijana wa vijiji jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, na wanawake wakaanza kukimbia humo peke yao bila hofu. Kwa hilo mzee anashukuru kwa moyo wote.

Yanayomuudhi ni mengine. Wakimbiaji huziba masikio kwa muziki kwenye njia nyembamba, wasisikie anayeomba nafasi. Pakiti tupu za jeli hutupwa mtoni. Wengine hushuka bonde kwa kasi ya barabarani, wakaumia magoti, kwa sababu hawakuwahi kufundishwa na waliowatangulia.

Alimjibu kijana kwa kumpitisha tena kwenye kilima cha mwisho, safari hii wakitembea, akimwonyesha pa kukanyaga na kumsimulia nani alipigwa na kwa nini. Sasa anawasihi waandaaji wa mbio: kabla ya king'ora cha kuanza, wakishataja vituo vya maji, watumie dakika mbili kueleza jinsi msitu huu ulivyookolewa.