Mtoto Mchagua Chakula Afika Masaka

Mwezi wa Novemba, mwaka 2023, nilikwenda Uganda kumtembelea dada yangu. Dada ameolewa Masaka. Nilifuatana na mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano.

Sisi ni wakulima wa Geita. Nyumbani mtoto huyu hula ugali, maziwa na viazi vitamu. Ukimpa chakula kingine hufumba mdomo.

Tulilala Bukoba. Kesho yake tulipanda basi mpaka Mutukula, mpakani. Tulionyesha hati za kusafiria, tukabadilisha fedha, tukavuka. Kutoka hapo mpaka Masaka ni kiasi cha kilomita 90. Kila basi liliposimama, nilimnunulia mtoto biskuti na soda ili anyamaze.

Tulifika jioni. Dada alikuwa amepika matoke. Mtoto alitazama sahani, akageuza uso. Mama mkwe wa dada aliuliza kwa Kiganda kama mtoto anaumwa. Niliona aibu. Nikachukua fimbo.

"Mdogo wangu, weka fimbo hiyo chini," dada alisema. "Umemjaza biskuti. Njaa ataipata wapi?" Alichukua biskuti zote, akaziweka juu ya kabati.

Asubuhi mtoto alikunywa maziwa tu. Alikuwa mnyonge. Ndugu msomaji, niliogopa. Tulikuwa mbali na nyumbani, na mama yake hakuwapo.

Dada hakuwa na wasiwasi. Alimtuma mtoto shambani pamoja na binamu zake kukata majani ya mgomba. Walirudi wakicheka. Kisha mtoto alikaa jikoni, akatazama kila kitu. Ndizi mbichi humenywa, hufungwa ndani ya majani. Vikonyo vya majani hayo hupangwa chini ya sufuria, maji kidogo hutiwa, na furushi huwekwa juu. Ndizi hazichemki ndani ya maji, huiva kwa mvuke. Zikiiva, furushi hubonyezwa kwa mikono mpaka ndizi zilainike. Kazi hiyo ina moto! Furushi hurudishwa jikoni, likae katika moto mdogo. Mtoto aliruhusiwa kubeba majani tu.

Mchuzi ulikuwa wa karanga zilizotwangwa. Dada aliweka pia viazi vitamu pembeni. Alituonya mapema: mtu yeyote asimtazame mtoto, wala asimsifu.

Tuliketi mkekani, tukanawa mikono. Mtoto alichukua kiazi. Alikijua. Akakichovya katika mchuzi.

"Baba, hizi ni karanga?"

"Ndiyo."

Nyumbani mama yake hutia karanga katika majani ya kunde. Alichovya tena. Halafu binamu yake alimsogezea tonge la matoke, lililofungwa kwa majani aliyoyabeba mwenyewe. Akalila. Akala mengine mawili. Mimi nilikuwa natazama ukuta, kama nilivyoagizwa.

Siku ya nne watoto walileta senene. Ulikuwa msimu wake. Waliwatoa mabawa na miguu, dada akawakaanga kwa vitunguu na chumvi. Bukoba pia huliwa sana, lakini mimi sijawahi kuwaonja.

Mwanangu alijaza kiganja, akatafuna. Kisha akanitazama mbele ya mama mkwe wa dada.

"Baba, mbona wewe huli?"

Nilisema nimeshiba. Dada alicheka mpaka akatoka machozi.