Samarkand: Kuta Zilianguka, Hesabu Ikabaki

Huko Samarkand, katika nchi ya Uzbekistan, tulipanda kilima ambapo Sultani Ulugh Beg, mjukuu wa Timur na mjuzi wa falaki, alijenga nyumba ya kuangalizia nyota katika miaka ya 1420. Kilichosalia ni tao lililochimbiwa ardhini, sehemu ya kipimo ambacho nusu kipenyo chake kilikuwa takriban mita 40. Huko, pasipo darubini, wanazuoni wake waliainisha mahali pa nyota takriban 1,000, jedwali likakamilika mwaka 1437; na urefu wa mwaka wakaupima kwa kosa la karibu dakika moja tu.

Mwaka 1449 Sultani aliuawa kwa amri ya mwanawe wa kumzaa, na jengo likageuka magofu. Lakini Ali Qushji, mwanafunzi wake, aliifikisha elimu ile Istanbul. Na mwaka 1665 jedwali likachapishwa Oxford, Uingereza.

Ndugu wasomaji, kuta hazikudumu. Karatasi zilidumu kwa kuwa walikuwapo walionakili. Masanduku ya wazee wetu wa Pwani nayo yana hati za khati ya Kiarabu. Tuyafungue, tuzisome pamoja na watoto wetu, kabla mchwa hawajatutangulia.