Pengo si Sifuri

Nilikabidhiwa kazi ya kujaribu programu ichorayo alama za wanafunzi wa kozi ya intaneti. Nilibuni mwanafunzi mmoja: zoezi la kwanza nikampa 80, la pili 70, la tatu nikaliacha tupu, kana kwamba aliugua. Mchoro ulitokea kwa rangi za kupendeza, nami nilikaribia kuupitisha. Ndipo nikautazama mstari wake: umeanguka kama jiwe kisimani, wastani 50! Mashine ilihesabu pengo kuwa sifuri, na haki yake ilikuwa 75. Programu ya Moodle, iliyotolewa mwaka 2002, humwachia mwalimu achague hesabu ya mapengo. Yangu niliirudisha ikatengenezwe. Asiyepimwa hajashindwa. Uonapo mstari wako umeshuka, usijidharau kabla ya kuuliza umehesabiwaje.