Kanda ya Bariadi

Tuliingia Bariadi jioni kwa barabara ya Lamadi, mimi na mai waifu, msimu wa pamba. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Kanda aliyonitolea baba mkwe ni ya zamani zaidi. Ndani yake marehemu mama mkwe anaimba ngoma ya Bagalu. Imechakaa, inakwaruza ile mbaya.

Mwingine angeisafisha. Mie niliona dhahabu! Ile midundo michafu ya New York ya miaka ya 1990, mingi ilipikwa kwenye SP-1200, mashine ya 1987 yenye biti 12 na sekunde kama 10 tu za kurekodi. Washikaji walicheza santuri ya 33 kwa spidi ya 45, wakairekodi, kisha wakaishusha. Nafasi inatosha, na sauti inatoka na vumbi lake. Nikaiga kwenye laptop, nikamkata mama vipande vinne, chini besi nzito.

Mzee akasikiliza, kofia mkononi.

"Mkwe, mbona humwachi amalize?"

Waifu akainamisha kichwa. Usiku ule nikamrudisha mzima, na mikwaruzo yake. Besi inaingia akishamaliza mstari.

Asubuhi, hata "mwangaluka" hatujasalimiana, mzee keshaweka kiti mbele ya spika.