Tabu za gitaa

Najua nimepotea, msinilaumu, zamu za usiku hapa Stockholm hazina huruma. Habari mpya: najifunza gitaa! Kila Jumanne niko kwenye kozi ya jioni ya ABF. Noti sijui, kwa hiyo mwalimu alisikiliza ule wimbo wa Mbaraka Mwinshehe anaoupenda baba, akaniandikia gitaa la solo kwa mistari sita, kila mstari uzi mmoja. Wenyewe wanaita tabu, na ni tabu kweli! Mstari wa juu ni uzi mwembamba, ambao kwenye gitaa uko chini. Namba inaonyesha pa kubonyeza. 0 uzi unaachwa wazi. Nilizisoma kama chati ya mgonjwa, sikukosea hata moja, lakini wimbo haukuwa wimbo. Karatasi yangu haisemi kila sauti ikae muda gani.

Jumapili nikampigia baba gitaa kwenye simu. Mnajua tangu apate kiharusi hasemi vizuri. Mara mama akasema, "Huyu anakugongea meza!" Akaisogeza simu. Baba alikuwa anagonga taratibu kuliko mimi. Nikamfuata mpaka mwisho.

Mlioko Morogoro, mpitieni mzee jamani. Nawahi zamu.