Shukrani Isiyoishia Kwenye Gunia la Viazi

Kwetu Mau Narok, padri au mchungaji tulimheshimu kwa mavuno. Nikiwa mtoto, viazi vikishachimbwa, mama alitenga vile vikubwa, akaongeza njegere, vikapelekwa kanisani siku ya sadaka ya mavuno. Mtumishi akihamishwa, waumini walichanga akanunuliwa ng'ombe na blanketi zito. Alibatiza, akafungisha ndoa, akazika, nasi tukashukuru.

Kleshi za 1992, yaani mapigano ya kikabila, zilibadilisha mambo. Kule Molo na Elburgon, waliochomewa nyumba walikimbilia makanisani na watoto na masufuria yao. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo la Nakuru tangu 1971, aliishutumu serikali waziwazi. Nyumbani watu wazima walimsifu, lakini kwa kunong'ona, maana maneno kama yale yaliweza kumponza mtu.

Mwaka 1993 watu wakafukuzwa Enoosupukia, katika safu hiihii ya Mau, wakajaa kambi ya Maela. Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, aliwahudumia humo. Kambi ilipobomolewa mwishoni mwa 1994, aliwatetea hadi naye akaondolewa kwa nguvu. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo, akawataja wakubwa wa serikali kwa majina. Chama cha Wanasheria Kenya kilimtunuku mwaka 2000. Agosti mwaka huohuo maiti yake ikakutwa kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha. Wapelelezi wa FBI walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya Kenya ikaamua kwamba aliuawa.

Tangu machafuko ya baada ya uchaguzi, mwaka 2008, naona shukrani zetu zimekomaa. Tukimuaga mtumishi, hatutaji tu makanisa aliyojenga. Tunauliza amewapatanisha kina nani. Mmaasai, Mkikuyu na Mkalenjin huketi hema moja, na ushuhuda unaonigusa zaidi ni wa mtu asiye wa kabila la mtumishi huyo wala wa kanisa lake.

Ng'ombe atolewe, ni haki ya mtumishi. Ila Ndingi tulimuunga mkono kwa kunong'ona, na Kaiser tulimlilia akiwa ameshakufa. Mtumishi wa leo akiwakemea wachochezi kabla ya uchaguzi, heshima anayostahili ni sisi kusimama na kusema pamoja naye, hadharani, siku hiyohiyo.